Miaka tisa ya kumsubiri mtafiti wa madini

Kila leseni ya utafiti wa madini inapokwama Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwa sababu wanakijiji na wahifadhi wamekataa, lawama ni zilezile: watu hawa wanapinga maendeleo, wamejazwa maneno na mashirika. Nadhani hatujawasikiliza.

Watafiti wana hoja, tena nzito. Wizara ya Madini imesema ni takriban asilimia 16 tu ya nchi iliyopimwa kwa kina kwa ndege za jiofizikia, zenye vifaa vya kuchunguza miamba kutoka angani, na lengo ni asilimia 50 ifikapo 2030. Na utafiti si uchimbaji. Wanachukua sampuli za udongo, wanachoronga mashimo membamba, wakikosa wanafukia na kuondoka. Anayesema shimo moja la uchorongaji litaua mto mzima anatia chumvi, na anawaharibia wenzake kesi. Zebaki inayotutisha Chunya hutumika kukamatia dhahabu, si kutafiti miamba.

Lakini tupige hesabu. Sheria ya Madini ya 2010 inaruhusu leseni ya utafiti kwa miaka isiyozidi minne, inahuishwa kwa mitatu, kisha miwili. Jumla tisa. Kwa kampuni, miaka hiyo si mingi: kule Ngualla, mkoani Songwe, madini adimu yaligunduliwa 2010 na leseni maalumu ya uchimbaji ikatoka 2023. Kilima cha Panda, karibu na jiji la Mbeya, kimechunguzwa niobi, metali ya kuimarishia chuma, tangu miaka ya 1950, na zaidi ya nusu karne baadaye mgodi ulikuwa bado mpango wa kwenye makaratasi.

Kwa mkulima wa Rungwe, miaka tisa ni kitu kingine kabisa. Mche wa parachichi uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, halafu humlisha mwenyewe kwa miongo. Aliyesikia kwamba shamba lake limo ndani ya leseni ataupanda? Atapanda mahindi na viazi, vitu vya msimu mmoja. Hatakopa. Mwanawe ataahirisha kujenga. Mtafiti akiondoka mikono mitupu, kitabuni hakuna aliyedhurika. Mwenye leseni hudaiwa fidia ya mazao na mali alizoharibu, na mgomba uliokatwa unahesabika. Mparachichi ambao haukupandwa hakuna mthamini wa kuukagua, na hasara hiyo, nikiulizwa, ndiyo kubwa kuliko zote katika mgogoro huu.

Ni kweli sheria inamtaka mwenye leseni aachie nusu ya eneo anapohuisha. Inamsaidia nini mkulima kama ramani ya nusu iliyoachiwa haijabandikwa ofisi ya kijiji?

Wahifadhi nao wana lao. Kipunji, nyani wa Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone, wanasayansi walimtambua 2003 tu, wakamtangaza 2005, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimfahamu. Ikiwa asilimia 16 ni sababu ya kuharakisha kujua kilichoko chini, basi mnyama mkubwa kiasi hicho kutofahamika kwa sayansi hadi juzi ni sababu ya kutokimbilia kufyeka njia za mitambo kabla ya kujua kilichoko juu. Tena habari za dhahabu hazisubiri leseni. Wachimbaji wadogo hufika mapema, na kuwaondoa ni kazi nyingine.

Sitaki utafiti ufungwe. Ningependa, kwenye ardhi ya mazao ya kudumu, upimaji wa ndege na wa udongo umalizwe ndani ya miaka miwili, kisha kijiji kielezwe kwa maandishi mashamba yapi yameachiwa. Mwenye leseni tayari hulipa serikalini ada ya mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Sehemu yake iende kwa kijiji kinachosubiri, kila mwaka kinaposubiri. Kampuni itakayoona ada hiyo ni ghali itajua ni kilomita zipi inazihitaji kweli.