Asilimia Mbili ya Nini? Stoplosi, Ukubwa wa Loti na Mtaji Unaobaki

Kuna ubishi usiokwisha miongoni mwa wanaofanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni: stoplosi, yaani agizo la kufunga oda (ununuzi au uuzaji uliofungua) hasara ikifika kiwango ulichopanga, inaulinda mtaji, au inautafuna kidogo kidogo? Upande mmoja unasema asiyeweka stoplosi anacheza kamari tu. Upande wa pili unasema kuweka stoplosi ni kumwonyesha broka, kampuni inayopokea oda zako, mahali pesa zilipo ili aje azichukue. Wote wana hoja za kweli. Wote pia wanakwepa hesabu moja ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo inayoamua nani ataunguza akaunti na nani atabaki.

Tuanze na watetezi. Kanuni yao inajulikana: usihatarishe zaidi ya asilimia 2 ya mtaji kwa oda moja. Sababu yake ni ya hesabu, na ni nzuri. Ukipoteza mara kumi mfululizo kwa asilimia 2, unabaki na takriban asilimia 82 ya mtaji. Ukipoteza mara hizo hizo kwa asilimia 10, unabaki na asilimia 35, na ili urudi ulipoanza unahitaji faida ya asilimia 187. Kupoteza mara kumi mfululizo si ajabu kwa mtu anayefungua oda mia kadhaa kwa mwaka.

Tatizo linajificha katika namna asilimia hiyo inavyopimwa. Chukua watu wawili, kila mmoja ana dola 1,000, na kila mmoja amekubali kupoteza takriban dola 20 kwa oda. Wa kwanza anaweka stoplosi ya pipsi 20 (pipsi moja hapa ni 0.0001 ya bei), kwa hiyo hesabu inamruhusu kufungua loti 0.10 (loti ni kipimo cha ukubwa wa oda), yaani yuro 10,000. Wa pili anaweka stoplosi ya pipsi 200, na hesabu ile ile inampa loti 0.01, yuro 1,000. Kwenye karatasi wote wamehatarisha asilimia 2. Ni mapacha.

Sasa wapeleke mapacha hawa kwenye soko la yuro na faranga ya Uswisi, asubuhi ya 15 Januari 2015. Tangu 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imetangaza kwamba haitaruhusu yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu, kununua yuro karibu na bei hiyo na kuweka stoplosi chini yake kidogo kulionekana kama kuokota pesa barabarani. Siku hiyo benki ikaondoa kiwango hicho bila kumwonya mtu. Ndani ya dakika chache yuro moja ilikuwa chini ya faranga moja.

Stoplosi zilikuwepo, maelfu kwa maelfu. Lakini stoplosi ya kawaida si ahadi ya bei. Ni maagizo kwamba bei fulani ikiguswa, oda iuzwe kwa bei yoyote itakayopatikana. Kati ya 1.20 na chini ya 1.00 hapakuwa na wanunuzi wa maana, basi ikapatikana ile iliyopatikana. Tuseme mapacha wetu walikuwa wamenunua kwa 1.2010 na wote wakafungiwa kwa 1.0000. Mwenye loti 0.01 amepoteza faranga 201. Inauma, zaidi ya moja ya tano ya mtaji wake imekwenda, ila kesho yake bado ana akaunti. Mwenye loti 0.10 amepoteza faranga 2,010, na alikuwa na dola 1,000 tu. Huyo hajapoteza mtaji peke yake, sasa anadaiwa.

Si jambo la kubuni kwamba watu walidaiwa. Wateja wa FXCM, mmoja wa mabroka wakubwa wa wakati huo, walibaki na madeni ya takriban dola milioni 225, na kampuni yenyewe ikalazimika kuchukua mkopo wa dola milioni 300 kutoka kampuni ya uwekezaji ya Leucadia ili isianguke. Tawi la Alpari la Uingereza lilifilisika.

Ndiyo maana tunauliza: asilimia mbili ya nini? Kanuni inapima hasara uliyoipanga, haipimi ile inayoweza kutokea. Kipimo cha pili ni rahisi na wengi hawakitumii: chukua thamani nzima ya oda zako zote zilizo wazi, gawanya kwa mtaji. Yule wa loti 0.10 alikuwa ameshika karibu dola 11,700 kwa mtaji wa dola 1,000, zaidi ya mara 11. Mwenzake alikuwa ameshika mara moja na ushei. Na ajabu ya jambo hili ni kwamba mwenye stoplosi fupi ndiye aliyejiona mwangalifu. Kadiri unavyoisogeza stoplosi karibu, kanuni ya asilimia inakuongezea loti, na loti ikiongezeka ndivyo unavyozidi kuitegemea stoplosi ile ile isiyo na dhamana.

Watetezi watajibu kwamba Uswisi ilikuwa ajali ya mara moja katika kizazi. Si kweli sana. Tarehe 7 Oktoba 2016, saa nane na dakika chache usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, pauni ilianguka kwa takriban asilimia 9 dhidi ya dola ndani ya dakika chache, kisha ikapanda na kurudisha sehemu kubwa ya ilichopoteza. Tarehe 3 Januari 2019, Japani ikiwa mapumzikoni, yeni ilipaa ghafla namna hiyo hiyo. Na kila wiki kuna lile pengo dogo kati ya bei ya Ijumaa usiku na ya Jumatatu soko linapofunguliwa. Mara nyingi ni pipsi chache tu. Siku ambayo si chache, stoplosi yako hutekelezwa ng'ambo ya pengo.

Haya, tuwageukie wanaoikataa stoplosi. Malalamiko yao makubwa ni kwamba "broka alinifuata": bei ilishuka au kupanda hadi ikagusa stoplosi, ikageuka, ikaenda kule kule alikotarajia. Mabroka wahuni wapo, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kuandika malalamiko, washa mstari wa bei ya kununulia kwenye chati. Chati za kawaida huchora bei ya kuuzia peke yake. Aliyefungua oda ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia, ambayo iko juu ya ile ya kuuzia kwa kiasi cha spredi, yaani tofauti ya bei hizo mbili. Saa kumi na moja jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa sita usiku wakati wa majira yao ya joto na saa saba usiku wakati wa baridi, mabenki yanafunga siku ya hesabu na wauzaji wanapungua. Spredi ya pipsi 1 inaweza kutanuka hadi 10 au zaidi, hasa kwa jozi za fedha zisizo na wafanyabiashara wengi kama GBP/NZD, pauni na dola ya New Zealand. Stoplosi inaguswa ingawa mshumaa, alama ya mwendo wa bei kwenye chati, haukufika hapo. Ushahidi wa picha anaoupiga mteja unaonyesha nusu tu ya kilichotokea.

Sababu ya pili ni stoplosi kuwekwa ndani ya kelele za soko. Pipsi 10 kwenye EUR/USD, yaani yuro na dola, ni umbali ambao bei huutembea na kuurudia mara nyingi kwa siku bila habari yoyote. Dawa yake ni kupima kwanza wastani wa mwendo wa jozi kwa saa au kwa siku, kuweka stoplosi nje ya mwendo huo, halafu ndipo ukokotoe loti. Wengi hufanya kinyume: wanachagua loti wanayoitamani, kisha wanaisogeza stoplosi mpaka asilimia ikubali.

Wanaoikataa stoplosi wana hoja moja ambayo hatuwezi kuipinga. Mtu aliyeshika mara moja ya mtaji wake, bila stoplosi kabisa, alikuwa salama zaidi siku ya faranga kuliko aliyeshika mara kumi na mbili akiwa nayo. Ukubwa mdogo ni kinga isiyohitaji mtu wa upande wa pili akubali kununua.

Ila wangapi kati yao hushika mara moja? Kwa vitendo, asiye na stoplosi huishia kwenye njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kwa oda ya kinyume: amenunua loti 0.10, hasara imefika dola 80, anauza loti 0.10 ya jozi ile ile ili hasara isimame. Imesimama kweli, lakini amelipa spredi ya pili, riba ya usiku inaendelea kukatwa, na swali la afunge ipi na lini bado linamsubiri, safari hii likiwa gumu zaidi. Marekani imewazuia mabroka kuwaruhusu wateja wa rejareja kufanya hivi tangu 2009.

Njia ya pili ni kuongeza maradufu, na hapa inafaa tutue kidogo kwa sababu roboti nyingi (programu zinazofungua oda zenyewe) zinazouzwa mitandaoni zinafanya kazi hii hii. Akaunti ni dola 1,000, leveraji 1:400 (kila dola yako inakuruhusu kushika hadi dola 400), EUR/USD iko karibu na 1.10. Unanunua loti 0.01. Kila bei ikishuka pipsi 20 unanunua mara mbili ya oda iliyotangulia: 0.02, 0.04, 0.08, 0.16, 0.32, 0.64. Ukifungua oda ya saba bei imeshuka pipsi 120 na hasara ni dola 240. Umeshika loti 1.27, kila pipsi sasa ni dola 12.70, na dhamana iliyofungiwa, yaani sehemu ya mtaji inayozuiwa ili oda zibaki wazi, ni takriban dola 349. Pipsi 20 zaidi, hasara ni dola 494. Unataka kufungua ya nane, loti 1.28, mfumo unakataa: dhamana iliyo huru ni dola 157 na oda inataka 352. Hapo mpango umekwisha na hakuna aliyekuambia mapema. Zikiongezeka pipsi nyingine 26, thamani ya akaunti imefika nusu ya dhamana, na kwa mabroka wanaotumia kiwango cha asilimia 50 mfumo unaanza kufunga oda wenyewe, ukianza na yenye hasara kubwa. Umebaki na takriban dola 175. Kutoka oda ya kwanza hadi hapo bei imetembea pipsi 166 tu, mwendo ambao EUR/USD inaweza kuumaliza kwa siku moja au mbili za habari nzito. Kabla ya siku hiyo, roboti ilikuwa inaonyesha ushindi wa asilimia 95 na zaidi, na wala haikuwa inadanganya.

Sheria nazo zimechagua kipi cha kubana. Ulaya, tangu Agosti 2018, mteja wa rejareja hapewi zaidi ya 1:30 kwa jozi kuu, akaunti hairuhusiwi kwenda chini ya sifuri, na oda zinaanza kufungwa thamani ya akaunti ikifika nusu ya dhamana. Japani ilifika 1:25 mwaka 2011. Kenya, kwa kanuni za 2017 zilizo chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kikomo ni 1:400. Tofauti hiyo si ndogo, ingawa leveraji inayotolewa si lazima itumike yote. Lililo muhimu zaidi kwa mteja wa hapa ni kuuliza kwa maandishi kama akaunti inalindwa isiende hasi, na kama broka anatoa stoplosi yenye dhamana ya bei, ambayo hulipiwa ada.

Jambo dogo linalowaponza wengi: stoplosi ya kawaida hukaa kwenye seva ya broka, kwa hiyo umeme ukikatika au bando likiisha inabaki kazini. Stoplosi inayoifuata bei inavyosogea, kwenye programu ya biashara ya MetaTrader 4, hukaa kwenye kompyuta yako. Ukizima kompyuta, haifuati tena.

Msimamo wetu basi ni kuvaa mikanda miwili: stoplosi iwepo, na thamani ya oda zote isizidi mara tano ya mtaji hata kama kanuni ya asilimia inaruhusu zaidi. Kumbuka pia kwamba kununua EUR/USD, kununua GBP/USD na kuuza USD/CHF (dola kwa faranga) ni dau moja dhidi ya dola lililogawanywa mara tatu.

Mwenye dola 100 hapa anakwama. Loti ndogo kabisa ya EUR/USD, 0.01, ni yuro 1,000, tayari mara 11 ya mtaji wake. Kwenye dhahabu loti 0.01 ni wakia moja, na mwaka 2025 wakia ilipita dola 4,000: mara arobaini. Kilichobaki kwake ni akaunti ya senti, ambayo loti 0.01 ni uniti 10 tu, mfano yuro 10, na humo anaweza kuzifuata kanuni zote bila kuiba. Akifanya vizuri sana, apate asilimia 4 kwa mwezi, faida yake ni dola 4, kabla ya makato ya kutoa pesa na kubadilisha dola kuwa shilingi. Hapo ndipo wengi huirudia loti 0.10, na kelele za stoplosi zinaanza upya.