Mke mjamzito na saa ya chakula cha jioni: nani asogee?

Ugomvi wa mezani wakati wa ujauzito mara nyingi hautokani na chakula chenyewe bali na saa ya kula. Mume anarudi saa 2 usiku, anamkuta mkewe ameshakula tangu saa 11 jioni, au ameketi naye lakini anaisogeza sahani pembeni. Mmoja anaona amesusiwa, mwingine anaambiwa anadeka.

Mke ana hoja ya mwili. Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, hukolea wiki ya 9 hivi, na kwa wengi hutulia kati ya wiki ya 12 na 16. Tumbo likikaa tupu hali huzidi, ndiyo maana wajawazito hushauriwa kula kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3. Kumtaka asubiri "tule wote" ni kumtafutia kutapika. Miezi ya mwisho shida hubadilika: homoni ya projesteroni hulegeza mlango wa juu wa tumbo, mimba nayo hulibana kutoka chini. Akila mlo mzito usiku na kulala papo hapo, kiungulia kinamkesha. Inafaa zipite saa 2 au 3 kabla hajalala.

Mume naye asipuuzwe. Pengine hapo mezani ndipo pekee wanapozungumza, na watoto huzoea upesi kula kila mmoja kona yake. Tena "kidogo kidogo" ya biskuti na soda kutwa nzima si lishe, na mwenye kisukari cha ujauzito inamdhuru.

Kwa maoni yetu, saa ya kula ifuate tumbo la mjamzito, ila kuketi pamoja kubaki. Ale mlo wake mapema, abakize kiasi cha robo sahani ale pamoja na mume akifika, tena kikiwa kimepoa, maana chakula cha moto hutoa harufu zaidi. Sehemu ya mume isingoje mezani kwa muda unaozidi saa 2, iwekwe kwenye friji, naye aipashe mwenyewe (anaweza!) hadi itoe mvuke kote, madirisha yakiwa wazi. Kama kuna chai, kidonge cha kuongeza damu kisinywewe nayo, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Mke akishindwa kubakiza hata maji tumboni kwa saa 24, mkojo ukawa wa rangi nzito au uzito ukashuka, mjadala wa ratiba uishie hapo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.