Mwalimu Aifunge Wiki Yake Ijumaa

Azimio la kazi la mwalimu wa shule ya msingi Tanzania limepangwa kwa miezi na wiki. Ukilifungua utakuta umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, idadi ya vipindi, mbinu, zana, rejea na, pembeni kabisa mkono wa kulia, safu nyembamba yenye kichwa kisemacho Maoni. Safu zote zilizotangulia zinaeleza yatakayofanyika. Hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayomtaka mwalimu ageuke atazame alikotoka. Bahati mbaya ndiyo inayojazwa haraka kuliko zote, mara nyingi kwa mkupuo mmoja, siku ambayo imevuma kwamba wathibiti ubora wa shule wako njiani. "Limefundishwa na kueleweka," inasema wiki ya kwanza. Na ya pili inasema hivyo hivyo, na ya tatu, hadi muhula unafungwa bila hata wiki moja ambayo somo halikueleweka.

Maoni yangu ni kwamba safu hiyo inabeba kazi ambayo nafasi yake haitoshi, na kwamba kila mwalimu anapaswa kutenga muda maalumu kila wiki, usiohamishwa na chochote isipokuwa msiba au ugonjwa, wa kupitia wiki iliyokwisha kabla hajagusa mipango ya wiki inayokuja. Siuzungumzii utaratibu mpya wa kuletwa na waraka. Nauzungumzia utaratibu wa mtu binafsi, unaohitaji kaunta buku moja, kalamu na nusu saa ya utulivu.

Kwa nini wiki, wala si siku au muhula? Andalio la somo tayari lina hatua ya tafakuri na sehemu ya tathmini kwa kila kipindi, lakini kipindi cha dakika 40 ni kifupi mno kumwonyesha mwalimu mwelekeo wa darasa. Watoto wakishindwa Jumanne, huenda ni kwa sababu walikuwa na njaa, au mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake. Wakishindwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi katika jambo lile lile, hapo kuna habari. Muhula nao unachelewa kusema: matokeo ya mtihani wa mwisho yanapobandikwa, mada iliyowashinda watoto mwezi wa pili imeshapitwa na nyingine kadhaa zilizojengwa juu yake. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani wiki zisizofika 40, na hiyo ni idadi ambayo mtu anaweza kuifuatilia moja baada ya nyingine bila kuchoka.

Isitoshe, shule zetu zinaujua utaratibu huu tangu zamani, ila zimeuweka mahali pengine. Mwalimu wa zamu hushika zamu kwa wiki nzima, na kila siku huandika katika kitabu cha zamu mahudhurio ya walimu na wanafunzi, hali ya usafi, wageni waliofika, vipindi ambavyo havikufundishwa, mtoto aliyeumia mchezoni na hatua iliyochukuliwa. Wiki ikiisha anakabidhi, na anayepokea anasoma ukurasa wa mwenzake ili ajue kwamba bomba la karibu na vyoo vya wasichana bado halijatengenezwa na kwamba darasa la tano lina madawati mawili yaliyovunjika. Hakuna anayeona ajabu katika makabidhiano hayo. Ajabu ni kwamba tunakabidhiana habari za bomba kwa uangalifu mkubwa, ilhali habari za watoto waliokwama katika kugawanya hatuzikabidhi popote, hata kwetu wenyewe.

Nadhani sababu ni moja. Azimio, andalio na shajara ya somo ni nyaraka zinazokaguliwa, na mtu anayejua kwamba maandishi yake yatasomwa na mkubwa wake huandika kile ambacho mkubwa angependa kukiona. Sioni kama ni uongo; ni tahadhari ya kawaida ya mwajiriwa. Ndiyo maana nashauri daftari la wiki liwe la mwalimu mwenyewe, lisigongwe muhuri wala kusainiwa na mtu. Ndani ya daftari kama hilo ndimo mtu anapoweza kuandika bila woga kwamba darasa la nne halijaelewa hesabu za sehemu.

Nichukue sehemu hizo hizo kama mfano, kwa kuwa ni mada inayowatesa watoto na walimu pia. Mtoto anapewa 1/2 + 1/3 na anaandika 2/5. Amejumlisha kiasi, yaani namba ya juu, kwa kiasi, na asili, yaani namba ya chini, kwa asili, na kwa akili yake amefanya kazi safi. Mwalimu anayeandika "baadhi hawakuelewa" hajajisaidia chochote, kwa sababu Jumatatu atarudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu aliyekaa Ijumaa na rundo la madaftari, akaona kwamba kosa la 2/5 limejirudia meza baada ya meza, anaandika jambo jingine kabisa: kwamba watoto wanaiona sehemu kama namba mbili zilizopandishana, na bado hawajaiona kama namba moja. Kutokana na sentensi hiyo mpango wa Jumatatu unajiandika wenyewe. Kabla ya kanuni yoyote, kila mtoto atakunja karatasi mbili zinazolingana, moja vipande viwili vilivyo sawa na nyingine vitatu vilivyo sawa, apake rangi kipande kimoja kwa kila karatasi, kisha aulizwe kama jibu linaweza kuwa 2/5, ambalo ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Kipindi kizima kinaweza kuishia hapo, na kiishie.

Kuhusu siku, wengi wanapendelea Jumapili jioni, nami sikubaliani nao. Kufikia Jumapili mtu ameshapita katika harusi, ibada, kufua, vikao vya ukoo na wageni wasiotaja saa ya kuondoka. Kinachobaki kichwani kuhusu wiki ya shule ni matukio makubwa tu, kama vile ugomvi wa wanafunzi au kikao kilichorefuka. Ijumaa alasiri, watoto wakishaondoka na ubao ukiwa bado haujafutwa, kumbukumbu ingali na maelezo yake madogo: nani hakuinua mkono wiki nzima, swali gani lilizua minong'ono, zoezi gani lilikwisha mapema kuliko lilivyopangwa. Kwa Mwislamu anayewahi sala ya Ijumaa, kazi hiyo inaweza kusubiri arudi kutoka msikitini, au ikafanywa Alhamisi. Siku ikishachaguliwa, ibaki hiyo hiyo.

Najua jibu litakalotolewa vyumba vya walimu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wapo walimu wanaosimama mbele ya darasa lenye watoto mara mbili ya hao, wenye mikondo miwili au mitatu, ambao wakifika Ijumaa alasiri hawana nguvu ya kushika hata kalamu. Kumwambia mwalimu huyo apitie madaftari yote ni kumdhihaki. Lakini hahitaji yote. Madaftari machache yaliyochukuliwa bila kuchagua, meza ya mbele, ya kati na ya nyuma, yanatosha kumwonyesha kosa linalojirudia, na kosa hilo likijulikana linamwokolea vipindi ambavyo angevipoteza kwa kurudia mada nzima.

Faida nyingine inaonekana katika Jumuiya za Ujifunzaji, zile za mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambako walimu wa shule moja hukutana kujadili ufundishaji wao. Vikao hivyo huwa vikavu pale kila mtu anapokuja mikono mitupu na kusema changamoto ni uhaba wa vitabu, jambo la kweli ambalo hata hivyo halitatuliwi na waliokaa pale. Mwalimu anayefungua daftari lake na kusema, "Wangu wanajumlisha asili kwa asili, wenzangu mnafanyaje?" amekipa kikao kazi ya kufanya.

Kisha inakuja Januari. Hapo azimio jipya linaandaliwa, na kila mwalimu anajua linavyoandaliwa: la mwaka jana linachukuliwa, tarehe zinabadilishwa, sehemu zinapewa tena wiki mbili kama zilivyopewa siku zote, na ifikapo Septemba darasa la nne linasomeshwa mbio mbio, jioni na Jumamosi, kuufukuzia upimaji wa kitaifa. Mwenye daftari la wiki anaketi na kurasa za mwaka mzima mbele yake. Anaona kwamba sehemu zilimla wiki nne, kwamba vipimo vya urefu viliisha kabla ya muda, na kwamba wiki ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, haikuwa na vipindi vya maana hata kama azimio lilidai vipo. Anazipanga upya wiki zake kwa kufuata hayo, na wathibiti ubora wakiuliza kwa nini azimio lake halifanani na la jirani, anayo majibu yenye tarehe.