Scan0001.pdf, cheti cha watu wote

Wiki iliyopita mpwa wangu alipanda boti Mkoani, Pemba, kwenda Unguja kwa usaili, na jambo la kwanza alilotakiwa kulithibitisha alipofika ni kwamba yeye si mwanamume. Alikuwa ameomba kazi kwa njia ya mtandao, akajaza fomu yote, akapakia cheti chake cha kidato cha nne, na fomu ikamjibu kwa maandishi ya kijani kwamba maombi yake yamepokelewa. Siku ya usaili karani aliyafungua maombi hayo katika kompyuta, akakuta jina ni lake, tarehe ya kuzaliwa ni yake na namba ya simu ni yake, lakini cheti ni cha kijana wa kiume aliyesoma skuli ambayo mpwa wangu hajapata kuikanyaga. Akaulizwa, mbele ya wenzake waliokuwa wakisubiri zamu, amekipata wapi cheti cha mtu. Msichana aliyekesha akijiandaa kwa usaili akaanza siku yake kwa kushukiwa wizi.

Aliponipigia simu jioni, akilia, nilimuuliza swali moja tu: faili ulilopakia lilikuwa na jina gani? Akajibu, "Scan0001.pdf, mjomba." Basi nikajua.

Vyeti vyake aliviskani katika duka moja la stesheneri pale Wete, ambalo nusu ya vijana wa mtaa huenda kila tangazo la kazi linapotoka. Mwenye duka ni mtu muungwana. Kila akimaliza kumhudumia mteja huyafuta mafaili yake ili siri za watu zisibaki dukani, na mashine, ikikuta folda tupu, huanza kuhesabu upya kutoka 0001. Kwa hiyo kila anayetoka duka lile hutoka na Scan0001.pdf. Hilo si kosa la mwenye duka wala la mpwa wangu. Ni kosa la mtu wa fani yangu, aliyekaa penye kiyoyozi akaandika programu inayoamini kwamba jina la faili ni mali ya mtu mmoja.

Utaratibu wa kupakia faili kwa fomu ulielezwa mwaka 1995 katika waraka wa RFC 1867, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, ulioandikwa na Ernesto Nebel na Larry Masinter wa Xerox, na tangu hapo kivinjari hupeleka faili pamoja na jina ambalo faili hilo lilikuwa nalo katika mashine ya mtumaji. Jina hilo ni taarifa tu ya jinsi lilivyoitwa lilikotoka. Waraka uliofuata baadaye, RFC 7578 wa mwaka 2015, unamwonya mpokeaji asilitumie kwa upofu. Tena kwa wanaoandika PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kama ninavyoamini alivyofanya bwana aliyeandika fomu hii, seva yenyewe, yaani kompyuta inayopokea fomu, hulipokea faili katika folda ya muda na kulipa jina iliyolitunga yenyewe, ambalo halifanani na la faili jingine lolote katika folda ile. Yaani faili limekwisha kufika salama na jina jema. Kisha mwandishi wa programu anakuja na move_uploaded_file, amri ya PHP ya kulihamisha faili, analivua jina hilo, analivika Scan0001.pdf, na kulipeleka katika folda moja na ya wenzake. Mwongozo wa PHP unasema waziwazi kwamba kama mahali linapopelekwa pana faili lenye jina hilo, la zamani litafutwa na jipya litakaa mahali pake. Hakuna onyo wala swali. Mwombaji wa pili anapewa maandishi ya kijani yale yale aliyopewa wa kwanza, na cheti cha wa kwanza hakipo tena katika dunia ya seva ile.

Nilipofikisha malalamiko yangu kwa wahusika, nikajibiwa kwamba waombaji walikwisha kuagizwa wayaite mafaili yao kwa majina yao kamili. Majina kamili! Hapa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, kisha akafuatiwa na la baba, kisha la babu tena, tukapata Ali Juma Ali na Juma Ali Juma kila kijiji, na wakati mwingine wawili darasa moja. Mama yangu anapotuma boksi la embe kutoka Pemba, huandika jina la mpokeaji kwa kalamu nene pande zote nne, na bado karani wa mizigo hubandika namba yake juu ya boksi na kumpa kipande cha risiti chenye namba hiyo hiyo, kwa sababu anajua kwamba bandarini Malindi, Unguja, watatokea kina Ali Juma watatu wakilidai. Karani yule hajasomea kompyuta.

Mwingine akapendekeza itumike namba ya ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari. Namba hiyo ni ya mtu mmoja kweli, lakini mtu mmoja ana cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo, na vyote vitatu vitagombea jina moja. Tena kama folda iko wazi kwa mtandao, na mara nyingi iko wazi, basi kila anayeijua namba yako ataviona vyeti vyako kwa kuandika anwani tu.

Dawa yenyewe haifiki mistari mitano. Chukua baiti 16 za kubahatisha, zigeuze kuwa herufi 32, na hilo ndilo liwe jina la faili ndani ya seva, katika folda iliyo nje ya ile inayoonekana na watu. Jina alilolileta mtumiaji liandikwe katika hifadhidata, limsaidie yeye kulitambua faili lake, basi. Hata vifaa vya kujengea tovuti vinalijua hili: Laravel hutunga jina la kubahatisha yenyewe ukiiachia, na Django huongeza herufi za kubahatisha ikikuta jina limekwisha kutumika. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nami mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliandika msimbo wa namna hii, na kwamba kazi hizi hulipwa kidogo na hutakiwa jana. Lakini mimi nilikuwa napokea picha za harusi.

Yapo mengine ambayo sitayarefusha. Anayepokea jina la mtumiaji hupokea na mkia wake, ile .pdf au .php ya mwisho, na siku mtu atakapopakia cheti.php katika folda ambayo seva inaendesha PHP, seva itakuwa yake. Aina ya faili inayotajwa na kivinjari nayo ni maneno ya mtumaji; faili la PDF lenyewe huanza na herufi %PDF, na kulifungua ukatazama si kazi ngumu. Na zipo fomu zinazomwambia mtu "jaza jina lako" ilhali amejaza kila kitu, kwa sababu picha ya simu yake imezidi megabaiti 8 ambazo PHP huwekewa tangu mwanzo kuwa kikomo cha fomu nzima, na ikizidi hapo PHP humwaga kila kilichojazwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule kijana mwenye cheti hana habari. Yeye alipakia wa mwisho, maombi yake yako sawasawa, na uso wake unafunguka kila karani anapobofya cheti cha mwingine aliyetoka duka lile. Mpwa wangu aliambiwa kwamba yeye ni wa tatu siku hiyo.

Hatimaye walimwonea huruma. Walikitazama cheti chake halisi, alichokuwa amekibeba ndani ya bahasha ya plastiki, wakamtaka akipakie upya kabla ya Ijumaa na safari hii alipe faili jina ambalo hakuna mwingine atakayelitumia. Amenipigia jana usiku kuniambia amekwisha kulipakia, na maandishi ya kijani yametokea. Nikamuuliza ameliita nini.

"Cheti changu," akasema.