Cheti Ukutani, Ngege wa Vidole Bwawani

Sebuleni kwangu hapa Walukuba kuna cheti chenye ukingo wa dhahabu kinachosema nimefuzu ufugaji wa samaki. Mafunzo yenyewe yalikuwa siku tatu hotelini mjini Jinja, Uganda, kwa Kiingereza kitupu, picha zikipita ukutani, chai saa nne, na mwisho tukatia saini ya posho. (Wasomaji wa Dar na Nairobi, hapa kwetu posho ni ugali. Siku ile tulipewa ile posho yenu, ya bahasha.) Kiti cha jirani alikaa mama mmoja anayeuza samaki Masese. Siku zote tatu hakufungua mdomo. Tulipokuwa tunatoka akanivuta pembeni akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, hiyo amonia waliyokuwa wakiitaja ndiyo kitu gani?" Nikababaika, maana hata mimi sikuwa najua vizuri kwamba ni sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kinachooza majini. Yeye na mimi tulikuwa na vyeti mkononi.

Nikachimba bwawa la mita 20 kwa 10 shambani kwa mama mkwe, upande wa Mayuge, nikamwaga vifaranga 2,000 wa ngege (ndiye sato, au tilapia) niliouziwa na mtu aliyekuja nao ndani ya mapipa juu ya pikapu. Bwawa la kiasi kile, maji yametulia, hakuna mashine ya kutia hewa, hubeba vifaranga wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Fanya hesabu: 400, ukijitahidi sana 600. Pengine hotelini walilitaja, likapita na picha. Lakini kuna jambo ambalo sina shaka halikutajwa, nalo ndilo lililonimaliza. Ngege huanza kuzaa angali mdogo, na jike hutamia mayai mdomoni mwake, siku hizo asile kitu. Ukichanganya jike na dume, baada ya miezi michache bwawa limejaa watoto na wajukuu wanaogombea chakula kilekile, na hakuna anayekua. Ndiyo maana vituo vinavyojua kazi huwapa vifaranga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hivi za mwanzo, ili karibu wote wawe madume. Wangu walikuwa mchanganyiko wa kila namna.

Mwezi wa nane tangu kuwamwaga, nikavuta wavu. Samaki kibao, urefu wa kidole. Mama mkwe alijifunika mdomo kwa leso, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au anaomba.

Aliyenifundisha kazi ni kijana aliyewahi kulisha samaki wa vizimba kwenye ghuba ya Napoleon, Ziwa Viktoria. Alikuja kwa boda, hana hata daftari. Alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono majini mpaka kwenye kiwiko.

"Kiganja changu unakiona?"

"Nakiona."

"Basi maji haya yana njaa."

Maji mazuri huwa ya kijani kiasi kwamba kiganja kinapotea kiwiko kikigusa maji. Kikipotea mapema mno, mwani umezidi, na hapo hatari yake huonekana alfajiri. Siku nyingine, maji yalipokolea kijani, akaniambia nije saa kumi na moja na nusu. Nikawakuta samaki wote juu, midomo wazi, wanahema. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, usiku nao huivuta kama sisi, kwa hiyo saa ambayo maji ni maskini kuliko zote ni kabla jua halijachomoza. Dawa yake: fungua maji mapya, acha kutia samadi inayolisha mwani, na usiwape chakula asubuhi hiyo hata wakikuonea huruma.

Somo hilo lingetufaa sana mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mputa, yaani sangara, walipoelea wamekufa ziwani. Huku mitaani kila mtu alikuwa na hadithi ya sumu. Wataalamu walipopima wakasema ni upungufu wa oksijeni, na wengi hawakuamini. Ungeaminije, kama hujawahi kuambiwa kwamba samaki naye hukosa pumzi?

Hoja yangu ni kwamba mafunzo ya samaki yafuate kalenda ya samaki. Ngege huchukua miezi sita hadi minane kufika mezani, na darasa lake lichukue muda huohuo, kando ya bwawa, tangu kutia chokaa hadi siku ya kuvua. Chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama, na hakuna picha ya ukutani itakayokufundisha mkono wa kulisha. Unavua samaki 30 kila wiki mbili, unawapima, unaandika, unarekebisha kipimo. Mtoto wa darasa la saba anaweza. Mwalimu naye alipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake siku ya mavuno, mbele ya mizani. Tukianza hivyo, walimu wa hoteli watapungua wenyewe.

Ng'ambo ya Busia walishatuonyesha. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi yaliyochaguliwa. Kuchimba walichimba. Miaka ikapita, mengi yakabaki nyasi na vyura, kwa sababu chakula kilikuwa ghali, vifaranga haba, na wengi waliopewa mabwawa hawakuwa na wa kumuuliza.

Sisi tunao wataalamu. Kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi, karibu na Kampala, kipo tangu 1947, na Entebbe kuna chuo cha uvuvi. Tatizo langu ni umbali kati ya Kajjansi na mama wa Masese. Na kuna watu wengine tunaowasahau: wavuvi waliokimbia ziwa tangu jeshi liliposhika doria ya kuzuia uvuvi haramu mwaka 2017. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu doria hiyo, mimi ninayo, ila watu hao wanajua wavu, wanajua maji, wanajua samaki mgonjwa kwa kumtazama. Wawe wanafunzi wa kwanza.

Halafu lugha. Ziwa hili ni la nchi tatu, na shirika lake la uvuvi lina makao hapahapa Jinja. Samaki wetu mputa ni mbuta Kisumu na sangara Mwanza. Mukene ni omena kule na dagaa kule. Mfanyabiashara wa mpakani anayajua yote matatu, kwa sababu anauza kwa Kiswahili. Baraza letu la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi kianze kazi bwawani. Mwongozo mmoja wa Kiswahili, wa kurasa chache na sauti za kusikiliza kwenye simu, ungemfaa mfugaji wa Mwanza, wa Kisumu na wa hapa. Najua nitajibiwa kwamba vijijini Mayuge ni Lusoga. Kweli kabisa, mama mkwe wangu Kiswahili chake ni salamu na bei. Afundishwe kwa Lusoga. Nisichokubali ni yeye kufundishwa kwa Kiingereza.

Bwawa sasa lina madume 500. Jumamosi tunapima, na mama wa Masese amesema anakuja kuangalia. Atabeba mizani yake ya sokoni, kwa sababu yangu haiamini.