Usimpe Wakala Faili Zima, Mpe Fremu Moja

Wengi wakitaka wakala wa akili mnemba awajengee ukurasa kutokana na mchoro, hupiga picha ya skrini na kumbandikia. Kwa mbali kazi hupendeza. Ukisogea karibu, nafasi ya pikseli 16 imekuwa 20, rangi imepinda kidogo, na kitufe ambacho tayari kimo kwenye mradi kimeandikwa upya kuanzia mwanzo. Wakala hakuzembea. Picha haina vipimo ndani yake, kwa hiyo alikisia.

Leo hana sababu ya kukisia. Anthropic ilitoa MCP, itifaki ya kumuunganisha wakala na programu nyingine, Novemba 2024, na mwaka 2025 Figma, programu ya kuchorea kurasa na app, ikaleta seva yake ya MCP, hivyo wakala anaweza kuliuliza faili la mchoro lenyewe. Tatizo ni kwamba tumeruka majivu tukakanyaga moto: sasa tunammwagia faili zima. Kitufe kimoja chenye maandishi kinaweza kurudi kikiwa na zaidi ya mistari mia ya JSON, maandishi ya kubebea data kati ya programu. Zidisha hiyo kwa kurasa zote, na nafasi ya kumbukumbu ya wakala hujaa kabla hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Anza na ramani. Kwenye API ya Figma, yaani njia ya programu kuomba data moja kwa moja, ukiomba faili kwa depth=2 unapata kurasa na vitu vya ngazi ya juu tu; kwenye seva ya MCP, kazi hiyo hufanywa na get_metadata. Chagua fremu (boksi linalobeba skrini au sehemu yake) moja unayoijenga, ndipo uombe undani wake. Kisha get_variable_defs, ili rangi na nafasi zije kwa majina yake badala ya namba tupu. Picha ya skrini bado ina kazi, ila iwe ya kukagulia, isiwe ya kupimia.

Kuna mitego midogo inayopoteza saa nzima. Kiungo cha Figma huandika node-id=12-345, lakini jibu la API hurudi na 12:345; programu inayotafuta kistari ndani ya jibu huambulia patupu. Rangi nazo huja kati ya 0 na 1. Ukiona r 0.2, g 0.4, b 1, zidisha kila moja kwa 255 upate 51, 102 na 255, yaani #3366FF. Asiyezidisha anapata rangi iliyo karibu na nyeusi, halafu lawama zinamwangukia mbunifu. Na tabaka lililofichwa bado limo kwenye data, likiwa na visible: false. Usipolichuja, wakala atajenga kwa uaminifu kabisa menyu iliyoachwa wiki tatu zilizopita.

Lakini kiini cha mambo kiko kwenye faili. Fremu isiyo na Auto Layout, mpangilio wa Figma unaojipanga wenyewe, humpa wakala hasa absoluteBoundingBox: x, y, upana na urefu. Hapo huenda akapanga kila kitu kwa position: absolute, yaani kukipigilia mahali pamoja, na ukurasa utavunjika mara tu skrini ya simu itakapokuwa nyembamba kuliko mchoro. Fremu hiyohiyo ikiwa na Auto Layout huleta layoutMode, itemSpacing na paddingLeft, mambo ambayo yana mwenzake wa moja kwa moja kwenye flexbox, mfumo wa CSS wa kupanga vitu kwenye ukurasa. Tofauti hiyo hailetwi na modeli bora wala maelekezo marefu. Huletwa na mbunifu aliyetumia dakika kumi kupanga fremu yake vizuri.

Majina nayo yana uzito. «Frame 427» ndani ya «Group 12» haimwambii wakala chochote. «Kadi-ya-bidhaa» humwambia karibu kila kitu. Vijenzi vilivyokatwa kutoka kwenye chanzo chake ni vibaya zaidi, kwa sababu wakala haoni tena kwamba vitufe vyote sita ni kitu kimoja, anaandika sita tofauti. Ningependa timu zichukulie usafi huu kama sehemu ya kukabidhi kazi, sawa na kupitia msimbo kabla ya kuuunganisha.

Seva ya MCP inayokaa kwenye kompyuta yako husikiliza mlango (port) 3845, na programu ya Figma ya kompyuta lazima iwe wazi. Wakala akisema hakuna muunganisho, angalia hapo kwanza.

Kwa API, toa tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia) yenye ruhusa ya file_content:read peke yake, na isiingie kwenye hazina ya msimbo. Kumbuka pia kwamba maandishi yaliyo ndani ya mchoro humfikia wakala kama maandishi mengine yoyote. Mtu mwenye haki ya kuhariri anaweza kuacha sentensi ya amri kwenye tabaka dogo lisiloonekana, na wakala akaifuata. Kwa faili lililotoka nje ya timu, chuja matabaka yaliyofichwa kabla data haijamfikia wakala, na usimpe ruhusa ya kuendesha amri bila kukuuliza.