Biriani Iliyopita Chini ya Mlango

Mlango wa banda letu la gari, hapa Mazizini karibu na bahari, ni wa chuma na wa vipande vipande vinavyopanda kwenye reli kwa mota hadi vikalala chini ya dari, na aliyetuletea ni shemeji yangu, mtu ambaye kila anaporudi safari hutuzawadia kitu kisichoweza kufanya kazi bila ya umeme. Ulitutumikia vizuri, isipokuwa kila masika yalipoingia ulikuwa ukilia kwa sauti ya kutia huruma, na kila ulipolia shemeji aliipaka reli mafuta ya nazi, kwa hoja kwamba kilichozifaa nywele za bibi yake hakiwezi kushindwa na chuma.

Aprili ile mpwa wangu alioa. Walima ulikuwa uwe kwetu baada ya Adhuhuri, lakini mvua ilimiminika tangu alfajiri, na wapishi wakalazimika kulitoa gari nje na kuingiza masufuria bandani. Biriani ilipoiva, wapishi walikwenda kukoga na kubadilisha nguo, mlango ukateremshwa ili paka wasiingie, nami nikaachwa ndani kuwa mlinzi. Mama mkwe wangu aliwahi kuingia kabla haujashuka, kwa sababu haamini kwamba mwanamme anaweza kupima chumvi. Banda lile halina mlango mwingine, na dirisha lake lina nondo.

Wageni walipowasili kutoka msikitini nilibonyeza rimoti. Mlango ulinyanyuka kiasi cha shibiri moja, kisha ukatoka mshindo juu ya vichwa vyetu ambao mama mkwe aliupokea kwa shahada kamili, akiamini kwamba transfoma imeripuka. Transfoma ilikuwa salama. Iliyokatika ni springi nene iliyo juu ya mlango, ambayo kutu iliyokuwa ikiitafuna kimya kimya hakuna aliyepata kuinua macho akaiona, na mlango sasa ulikuwa umening'inia kwenye mkono wa mota peke yake, usiopanda wala kushuka.

Nililala kifudifudi ili nizungumze na walio nje, na nilichokiona ni makubadhi matupu, jozi baada ya jozi, kila moja ikiwa na swali lake. Makubadhi ya kahawia yaliuliza kwa nini mota isiongezewe nguvu. Makubadhi meusi, ambayo sauti yake niliitambua kuwa ni ya ami yangu, yalitaka kujua kama chuma nacho huvimba kwa unyevunyevu kama mbao. Jozi nyengine, iliyokanyaga tope, ilishauri tuivute ile kamba nyekundu ya kuutenga mlango na mota, halafu vijana waunyanyue kwa mikono.

"Asiguse mtu kamba hiyo!" ilisema sauti ya simu, kwani fundi alikuwa amepigiwa na kuwekwa kwenye spika. Akatufahamisha kwa upole wa mtu asiyefungiwa kwamba mota haibebi mlango hata siku moja, mbebaji ni springi, na springi ikishakatika, mwenye kuivuta kamba ile anauachia uzito wote udondoke kwa mpigo. Akaongeza kwamba springi za kawaida hukadiriwa kupanda na kushuka mara 10,000 hivi, ila hesabu hiyo haikufanywa mbele ya upepo wa kusi wenye chumvi. Yuko njiani, alisema. Tukamwuliza njia gani. Simu ikakatika.

"Baba," aliniambia mama mkwe, "wakwe wapya wamekaa mkekani na wali unapoa. Pakua."

Nikapakua. Yeye alishika upawa, mimi nikazisukuma sinia chini ya mlango, na mikono ya nje ikazipokea bila ya kuuliza tena habari za springi. Katikati ya shughuli hiyo mtoto mmoja aliiona rimoti ya pili sebuleni akaibonyeza. Mkono wangu ulikuwa chini ya mlango, nao ndio ulioniokoa, maana ulikuwa umeyaziba yale macho mawili ya mota yanayotazamana karibu na sakafu, ambayo yakizibwa mota haiushushi mlango. Taa ya mota ikakonyeza na mlango ukakataa kushuka. (Marekani, mota za milango ya nyumba zilizotengenezwa kuanzia 1993 zinatakiwa kisheria kuwa na kinga ya namna hii, na tangu siku ile naiunga mkono sheria hiyo kwa mikono yangu yote miwili.) Mama mkwe hakungoja maelezo; alichukua mbuzi ya kukunia nazi akaitia chini ya mlango iwe gadi.

Fundi alipofika alinawa, akakaa kwenye sinia iliyokuwa karibu, akala hadi akashiba, ndipo akaisifu mbuzi ile. Vijana waliunyanyua mlango taratibu huku akiukinga kwa magogo, mama mkwe akatoka kama mgeni rasmi. Kisha fundi alipitisha kidole kwenye reli, akakionesha kwa wote: mafuta ya nazi yaliyochacha, mchanga, na sisimizi waliokuwa wamehamia na jamaa zao. Reli hufutwa kwa kitambaa kikavu tu, alisema. Springi na bawaba ndizo zinazotaka dawa ya silikoni, na hasa masika yanapokaribia. Springi zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa zimekula chumvi pamoja, na asijaribu mtu kuzikaza mwenyewe, kwani nguvu iliyomo huvunja mkono. Shemeji alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kahawa.

Wakwe wapya walipotuma shukrani, walimtaja mwanzo "yule mwenye mkono", ambaye kwa maelezo yao hakuwa bahili wa nyama, na haukupita muda mmoja wao akaja kuniomba nikapakue kwenye walima wa kwao. Nilimwuliza banda lao lina mlango gani. Akaniapia kwamba ni wa mbao, na kwamba kwa masika yale ulikuwa umevimba hata haufungiki.